Msimbati, Rondo au Lukwika: uende wapi ukiwa na siku tatu kusini?

Korosho zikishauzwa na watu wakawa na chochote mfukoni, simu yangu huanza kuita. Safari hii alikuwa binamu yangu wa Morogoro. "Kaka, nina siku tatu na mke wangu. Tunataka mahali pasipo na watu. Ila pawe na kitu cha kuona, isiwe kichaka tu." Nikamtajia sehemu tatu. Akashukuru, akakata simu, na baada ya nusu saa akanipigia tena akiwa amechanganyikiwa kuliko mwanzo.

Sehemu zenyewe ni Msimbati na Ghuba ya Mnazi, kusini ya Mtwara mjini. Msitu wa Rondo, juu ya Mtama mkoani Lindi. Na pori la akiba la Lukwika-Lumesule, wilayani Nanyumbu, ukingoni mwa Mto Ruvuma. Moja ni bahari, moja ni msitu wa juu ya mlima, moja ni nyika na mto. Nilichokuja kukiona baada ya kuzizungukia ni hiki: kila moja imebaki na viumbe vyake kwa sababu kuna kitu kiliwazuia watu. Kwa Msimbati ni mchanga na maji, kwa Rondo ni mwinuko, kwa Lukwika ni mbung'o na mpaka. Na kitu hicho hicho ndicho kitakachokusumbua wewe mgeni. Kwa hiyo usiniulize wapi pazuri. Jiulize ni tabu ipi unaiweza.

Kuna sehemu nimeziacha makusudi. Kilwa, ambako mwaka 2003 wavuvi wa Songo Mnara walivua silikanti, samaki ambaye wataalamu hadi mwaka 1938 waliamini alitoweka zama za dinosaria, inastahili kuandikiwa peke yake. Vilevile mapori ya upande wa Liwale: siku tatu hazitoshi hata kuyakaribia.

Na niseme mapema, mimi ni mtoto wa Mikindani. Ukiona nimeisifia bahari kupita kiasi, punguza mwenyewe.

Nimepima kwa nini

Vigezo vyangu ni vinne. Kwanza, pale kuna nini ambacho hukipati kwingine. Pili, njia na majira, maana huku kusini hivyo viwili ni kitu kimoja. Tatu, kulala na kula. Nne, vibali na usalama. Bei sikuziweka. Ada hubadilika, na Mtanzania halipi sawa na mgeni wa nje, kwa hiyo ulizia ofisi husika wiki unayosafiri na ubebe kitambulisho cha NIDA.

Kuna nini ambacho hakipo kwingine

*Msimbati.* Jina rasmi ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Ilitangazwa mwaka 2000, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 650, bahari na nchi kavu pamoja. Utajiri wake umeletwa na mkondo. Kuna mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, unapita kaskazini ya Madagaska, halafu unaigonga pwani ya Afrika karibu na hapa hapa petu. Ukishagonga unagawanyika: tawi moja linapanda kwenda Mafia, Zanzibar na Tanga, jingine linashuka Msumbiji. Mayai na vichanga vya samaki na matumbawe vilivyobebwa njiani vinashukia kwetu kwanza. Ndiyo maana wataalamu wamehesabu hapa zaidi ya aina 250 za matumbawe na zaidi ya aina 400 za samaki.

Lakini kwa asiyepiga mbizi, uzuri wa Msimbati uko kwenye maji kupwa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, bahari hurudi nyuma mpaka unadhani imehama. Utawakuta kina mama wamefunga kanga viunoni, fimbo mkononi, wanatafuta pweza kwenye mashimo ya mwamba. Mara ya mwisho mama mmoja alinionyesha shimo lililozungushiwa vijiwe na maganda ya kome. "Huyu yumo ndani, amefunga mlango." Akaingiza fimbo, akangoja, akaichezesha kidogo, akatoka na mkono wa pweza umeizunguka kama kamba. Mimi nilipita pale pale dakika moja kabla na sikuona shimo wala vijiwe.

Upande wa mto ni mikoko: mkoko wenyewe, mchu, msinzi, mkandaa, mlilana, kila mmoja na mahali pake kulingana na chumvi na tope. Kasa wa kijani na ng'amba hutaga kwenye fukwe za huku, na kuanzia Julai mpaka kama Novemba nyangumi hupita nje ya mwamba. Kuwaona ni bahati. Anayekuhakikishia kwamba utawaona anatafuta nauli ya boti.

*Rondo.* Hapa hadithi ni ya zamani zaidi. Msitu wa pwani ya Afrika Mashariki ulikuwa umeungana na ule wa Kongo mamilioni ya miaka iliyopita. Nchi ya katikati ilipoinuka na kukauka, msitu ulikatika, na huku pwani vikabaki vipande vipande pale tu unyevu wa bahari ulipofika. Rondo ni kimojawapo. Ni uwanda wenye mwinuko unaokaribia mita 900, na hewa ya Bahari ya Hindi ikiukuta inapanda, inapoa, inakuwa ukungu na mvua. Mtama bondeni unatokwa jasho ukiwa umekaa. Juu Rondo asubuhi ya Julai unatafuta sweta.

Vipande hivyo vikikaa peke yake muda mrefu, viumbe vyake navyo hushika njia yake. Mimea ya ukanda wa Lindi ambayo haipo popote pengine duniani ni mingi. Lakini mwenye nyumba ni komba wa Rondo. Msimfikirie yule komba mkubwa anayelewa tembo la mnazi. Huyu ni mdogo kuliko komba wote, ana gramu kama 60, sawa na yai moja la kuku wa kisasa, na mkia wake una manyoya yaliyosimama kama brashi ya kuoshea chupa. Vielelezo vyake vilichukuliwa Rondo miaka ya 1950 lakini vikakaa makumbusho bila kutambuliwa kuwa ni aina ya pekee hadi miaka ya 1990. Kwa miaka kadhaa aliwekwa kwenye orodha ya nyani na jamaa zao 25 walio hatarini zaidi duniani. Ameonekana pia kwenye misitu michache mingine, ukiwemo Litipo karibu na ziwa Rutamba, na mabaki ya misitu ya jirani na Dar es Salaam.

Yupo pia sange, yule mnyama mwenye pua ndefu kama mkonga anayefukua majani makavu mchana kutwa. Wa huku pwani ni weusi kuliko ndugu zao wa bara. Na ndege: wapenda ndege hutoka mbali kwa ajili ya kindege kidogo cheusi na cheupe kiitwacho *Batis reichenowi*, ambacho makazi yake ni pwani hii ya kusini-mashariki tu.

Usiku niliokwenda kumtafuta komba tulikuwa watatu, mimi, mlinzi wa msitu na kijana wa kijijini. Tulikaa kimya kwenye kijia kuanzia saa moja. Saa mbili kasoro sauti ikaanza, kitu kama kukwaruza mara mbili mbili, inapanda halafu inazimika. Kijana akaelekeza tochi si juu nilikotazama mimi, bali chini, usawa wa kifua, kwenye vijiti vyembamba. Macho mawili ya rangi ya chungwa. Yakaruka kutoka shina moja hadi jingine, yakatulia, yakaondoka. Hesabu yote ya safari ile, kwa upande wa komba, ni kama sekunde nane.

*Lukwika-Lumesule.* Tuseme kweli: kwa viumbe wa pekee, pori hili halishindani na yale mawili. Miombo ipo sehemu nyingi za Tanzania, na tembo, simba, palahala, tandala na pofu utawapata mapori mengine. Kisicho cha kawaida ni jinsi lilivyokaa. Lina kilomita za mraba kama 444 tu, lakini limekaa ubavuni mwa Ruvuma, na ng'ambo ya mto ndiko iliko nchi kubwa ya wanyama ya Niassa, Msumbiji. Kiangazi mto ukipungua na kuacha visiwa vya mchanga, tembo hawajui kama kuna mpaka. Viboko na mamba ndio wenye mto. Na kimya chake sijakikuta kwingine: siku mbili hatukukutana na gari hata moja. Tulichokiona kwa wingi ni nyayo, nyayo za tembo zilizokauka kwenye udongo mweusi, kila moja kama beseni, na katika mojawapo vyura wameshajipatia kidimbwi.

Njia na majira

Kwanza majira, maana mgeni wa Dar hukosea hapa. Kusini hatuna vuli na masika kama kwenu. Mvua yetu ni moja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, wakati mwingine Mei. Na ikikasirika, hata barabara kuu haifiki: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar kule Somanga, abiria wakalala njiani.

Msimbati ndiyo rahisi kufika, haifiki kilomita 50 kutoka Mtwara mjini, unapita Madimba. Magari ya abiria yapo, bodaboda zipo. Ugumu unaanzia kijijini kwenda Ruvula, kile kidole cha mchanga kinachoingia baharini. Kuna njia ya juu yenye mchanga mwingi, na kuna ufuko wenyewe maji yakiwa yametoka. Siku za bamvua maji hukauka kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi na kujaa alasiri, na tofauti yake ni zaidi ya mita 3. Nilikuwa nalijua hilo tangu utoto, na bado siku moja tulikaa na pweza wa kuchoma Ruvula mpaka saa tisa. Kugeuka, barabara yetu imeshakuwa bahari. Tukapita juu, tairi zikala mchanga, tukasukuma gari na matawi ya mnazi chini ya magurudumu mpaka magharibi.

Upepo nao uangaliwe. Kusi ikivuma, hasa Juni hadi Agosti, bahari inachafuka na boti ndogo hazina raha. Kati ya Septemba na Novemba, kusi ikishapoa na kabla kaskazi haijashika, maji hutulia na kuwa kama kioo.

Rondo unaiendea kutoka barabara ya Lindi–Masasi. Unaachia lami pale Mtama na kupanda. Kiangazi gari la kawaida lenye dereva mwenye adabu linafika. Mvua zikichanganya, udongo unateleza na kupanda kunakuwa kwa pikipiki au kwa miguu. Majira mazuri ni Juni hadi Oktoba. Lakini mwenye kupenda maua na vyura, na asiyeogopa tope, aje mwanzoni mwa mvua. Msitu ndipo unapozungumza.

Lukwika ni mbali. Kutoka Mtwara hadi Masasi ni kama kilomita 200, kisha unashika lami ya Mangaka na Tunduru, halafu unachepuka kusini kuelekea mtoni kwa njia ya vumbi. Bila gari la magurudumu manne yanayovuta, usianze. Julai hadi Oktoba ndiyo nafasi yake, maji yamebaki mtoni tu na wanyama wanayafuata. Wakati wa mvua majani yanakuwa marefu kuliko mtu na vijito vinafunga njia.

Kulala na kula

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa jibu karibu ni moja: usitegemee hoteli.

Msimbati ina nafasi ya hema na vyumba vichache visivyo vya uhakika. Wengi hulala Mtwara mjini au Mikindani na kwenda asubuhi. Chakula ni samaki aliyetoka majini leo, na wali. Rondo unalala kwenye hema au kwa mpango na wenyeji, ama unalala gesti za Mtama na kupanda alfajiri, ingawa ukifanya hivyo komba umeshamkosa. Ukikaa kijijini utakula ugali na mbaazi, na msimu ukikubali ming'oko ya kuchemsha, mizizi ya porini ambayo mtu wa kusini akiikumbuka akiwa Dar hunyamaza kidogo. Lukwika unabeba kila kitu, kuanzia maji hadi kiberiti. Gesti ya mwisho iache Masasi au Mangaka.

Kwa Lukwika ongeza jambo moja: mbung'o. Wanapenda rangi ya bluu na nyeusi. Rafiki yangu aliingia na jinzi mpya, akatoka amesimama kwenye gari maana kukaa hakuwezekani. Vaa kaki.

Vibali na usalama

Msimbati iko chini ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, na unalipia kabla ya kuingia. Rondo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Lukwika ni ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, na hapo anza mapema zaidi, kwa sababu ni pori la akiba lenye msimu wa uwindaji wa kibali. Lazima ujue kama kipande unachokitaka kina wawindaji wiki hiyo. Zote unalipa kwa kontroo namba, na mtandao ukilala unasubiri uamke. Mimi hulipa nikiwa mjini.

Usalama wa mpaka haupaswi kufichwa. Vurugu za Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, zilianza mwaka 2017, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu wa Ruvuma, kilishambuliwa. Kwa hiyo Msimbati upande wa mtoni na Lukwika vyote vinahitaji uulize hali kwanza. Ukifika, pita ofisi ya mtendaji wa kijiji, amkia wazee, jieleze wewe ni nani na unakwenda wapi. Mgeni anayezungukazunguka bila kujitambulisha atasimamishwa, na ni haki. Madimba utaona mitambo ya gesi inayokwenda Dar. Kamera ikae mfukoni. Usikubali kuvushwa mto na mtumbwi eti ukaone ng'ambo.

Rondo haina mambo ya mpaka. Hatari yake ni kupotea: njia za wakata mbao wa zamani zinafanana, na zipo nyingi tangu mivule ya Rondo ilipovunwa enzi za mkoloni. Usiingie bila mwenyeji.

Na kuogelea Msimbati, kina kinashuka ghafla hatua chache tu kutoka ufukweni na mkondo una nguvu. Watoto wasiachwe.

Kwa hali yako

Una siku moja tu na huna gari: Msimbati. Nunua jedwali la maji kupwa na kujaa au muulize mvuvi yeyote, bure.

Una watoto wadogo: Msimbati tena, ila mchana tu na siku za maji mafu, bahari haiendi mbali wala haiji kwa kishindo. Rondo mtoto chini ya miaka kumi atachoka kabla ya komba kuamka.

Wewe ni mwanafunzi wa baiolojia, mpenda ndege, au mtu tu unayefurahi kukaa kimya saa mbili kwa ajili ya sekunde nane: Rondo, na usiku usiopungua mbili. Kama muda au barabara hairuhusu, Litipo ni mdogo lakini ni ndugu yake, na una ziwa pembeni.

Mko marafiki wanne, gari lenu ni zima, mna hema na mtu anayejua kubadilisha tairi gizani: Lukwika. Mkiwa na siku ya ziada, pitieni Mtambaswala muone Daraja la Umoja kati yetu na Msumbiji, lililofunguliwa mwaka 2010, mita 720 juu ya mchanga na maji ya Ruvuma.

Unataka picha za simba za kuwatumia watu: hakuna kati ya hizi tatu. Nenda Mikumi, na hutaonekana mbaya.

Umesafiri mwezi Februari kwa sababu ndiyo likizo uliyopewa: Lukwika ifute, Rondo iwe kwa mwenye moyo, Msimbati bado inawezekana kati ya mvua na mvua.

Binamu yangu alinisomea siku zake tatu. Nikaangalia mwezi: zinaangukia bamvua, mwishoni mwa Oktoba. Mkewe akachukua simu akasema, "Shemeji, mimi swali langu ni moja. Choo?" Watalala Mikindani. Kwenda Ruvula ni siku ya pili, na nimemwambia mwenye bajaji wa mtaani kwetu awapeleke stendi saa kumi na mbili kamili, maana nikiwaachia wenyewe watafika maji yameshageuka.